Maduara Sitini na Manne, Kiti Kimoja

Wanafunzi wake walimbandika jina la Mama Duara, na jina lenyewe likamkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha ualimu, mwaka wa kumi na tisa ule, na hakuna somo aliloweza kulifikisha mwisho bila kuchora duara ubaoni. Alilichora bila bikari, kwa mzunguko mmoja wa bega, na mstari ukarudi kukutana na mwanzo wake pale pale ulipotokea. Hata wale wa viti vya nyuma, waliokuja darasani kusinzia, walifumbua macho kutazama kama safari hii mstari utakosa. Haukukosa.

Alipotimiza miaka arobaini na mitatu alirudi shule yeye mwenyewe, akajiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya pili. Majirani walipomuuliza anasomea nini, aliwajibu kwa ufupi.

"Nasomea nani anajua nini."

"Na nani anajua kwamba mwenzake hajui," mumewe alimkamilishia. Huyo alikuwa fundi rangi, mtu mrefu mwenye madoa meupe hadi kwenye nyusi. "Jamani, mimi ndani ya nyumba ile siku hizi siwezi kuficha hata soksi iliyotoboka."

Jambo lenyewe, likielezwa polepole, mtoto wa darasa la tano angelifuata. Weka kadi ndani ya bahasha. Kadi yaweza kuwa nyekundu, yaweza kuwa nyeusi; basi chora duara la nyekundu na duara la nyeusi. Kama mimi sijui kadi ni ipi, yaunganishe kwa mstari uandike juu yake "mimi": maana yake, nikiwa katika hili, naona huenda niko katika lile. Wewe uliyechungulia huna mstari. Mtu akitangaza mbele yetu sote kwamba ni nyekundu, duara la nyeusi linafutwa, tunabaki sote katika duara moja, tukijua, na kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye anajua. Lakini mtu akikunong'oneza wewe peke yako, hapo ndipo kazi huanza. Sasa inabidi kuchora hali ambamo umenong'onezwa, na hali ambamo hukunong'onezwa, na maduara huzaana kama panya wa stoo.

Kazi ya Mama Duara ilikuwa kuyapunguza. Alitafuta maduara yenye sura mbalimbali ambayo, uliza swali lako lolote, leta habari yoyote, hutoa majibu yale yale. Hayo aliyaunganisha yakawa moja, kisha akatafuta mengine, mpaka abaki na picha ndogo kuliko zote isemayo kila kilichosemwa na ile kubwa. Aliipenda kazi hiyo kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Tangu mama yake afariki, miaka sita iliyopita, aliona vitu vingi vimebaki vikubwa bila sababu: sufuria la watu wanane, kabati la nguo lenye mlango mmoja usiofunguliwa tena, meza ya baba yake iliyosukumwa ukutani ili upande mmoja usionekane kwamba hauna mtu.

Profesa aliyemsimamia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kipaza, hakuwa na maneno mengi kwenye karatasi. Sura ya tatu ya tasnifu ilirudi na swali moja tu la wino mwekundu, limeandikwa pembeni mwa kila mchoro, mara kumi na moja: *Nani anatofautisha?*

Mama Duara alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa baba yake, maana huko ndiko alikopeleka minuno yake tangu utotoni.

Baba yake alikuwa fundi saa. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ile ile aliyowalelea watoto, yenye dirisha pana la kuelekea barabarani, na mchana kutwa alikaa pale akiwa na kioo cha kukuzia jichoni na kibano mkononi, akipiga mbinja. Alipiga mbinja vibaya sana. Wapita njia walikuwa wakimwomba awahurumie.

Siku hiyo alivua kioo, akakifuta kwa shati, akakivaa tena, akakivua.

"Kaa, mama," alimwambia binti yake. Alimwita mama tangu akiwa na miaka miwili. "Unamfahamu Bi Pindo?"

"Baba, nani asiyemfahamu Bi Pindo? Gauni langu la harusi si alilishona yeye?"

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani wa duka la tatu kutoka hapo, mjane mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Alipata jina kwa kuwa hakuweza kuona pindo la nguo lililoshonwa na mtu mwingine bila kulifumua na kulirudia upya, hata kama mwenye nguo yumo ndani yake na ana haraka.

"Basi," baba alisema, "huwa tunazungumza."

"Mnazungumza."

"Tumezungumza sana."

Mzee wa miaka sabini na moja akaona haya, akainamia saa ya mtu kana kwamba imemwita. Mama Duara alihisi kitu kikimfunguka kifuani, kama dirisha la chumba kilichofungwa msimu mzima.

"Baba! Mimi sina neno. Mimi nafurahi," alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima kila kitu mara mbili, akaongeza: "Wenzangu tu ndio sijui."

Baba alitikisa kichwa polepole. Ndugu zake Mama Duara walikuwa wawili: kaka yake mkubwa, mfamasia, mtu wa maneno machache na kalamu tatu mfukoni, na mdogo wao wa kike, msusi mwenye saluni, ambaye maneno hayakumpungukia hata akiwa na pini mdomoni.

"Nitawaambia na wao, kila mtu kivyake," baba alisema. "Ila uniapie. Jambo hili msilizungumze ninyi kwa ninyi hata kidogo. Nikiwaweka pamoja, mmoja atakunja uso na wenzake watamfuata. Nawajua tangu mko kwenye nepi."

Aliapa. Baba akatazama mlango wa ndani, kule meza ilikokuwa.

"Na hata akija, atakaa wapi? Meza yenyewe ina viti vinne."

Ilikuwa kweli. Kila Jumapili mchana walikula hapo wanne tu, baba na wanawe, bila waume, bila wake, bila wajukuu. Kiti cha tano, kile cha mama, baba alikihamishia karakana, na wateja ndio waliokikalia.

Baada ya wiki moja baba alimwambia: "Nimemaliza. Wote watatu nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Na wao niliwaapisha siri, kama wewe."

Tangu siku hiyo mbinja ilikoma. Wapita njia waliokuwa wakilalamika walianza kuuliza kama mzee anaumwa.

Mama Duara alikwenda kusukwa. Mdogo wake alimsuka saa nzima na nusu, akazungumzia bei ya rasta, wateja wachelewaji, na jirani mwenye mbwa wa kelele, lakini kila walipokaribia habari za nyumbani alivuta nywele kwa nguvu na kubadilisha mada.

"Aii! We mtoto, hicho ni kichwa, si kamba ya kisima."

"Tulia, dada. Uzuri una gharama zake."

"Baba umemwona karibuni?"

"Nimemwona. Geuza shingo."

Kaka naye alipiga simu, jambo ambalo hakulifanya ila kukiwa na msiba.

"Baba hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, kaka. Kwani vipi?"

"Hamna. Nauliza tu." Mama Duara aliweza kusikia vidonge vikihesabiwa kwenye sinia. "Haya, mdogo wangu. Wasalimie."

Alikaa na simu mkononi. Hawataki, aliwaza. Wangekuwa wanataka, wangeniambia. Hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa anataka, na hakuwa amemwambia mtu.

Alhamisi alipitia kwa baba akitoka kazini. Kupitia dirisha aliona Bi Pindo akivuka barabara na furushi la vitambaa, asicheke na mtu.

"Anahama," baba alisema bila kuinua macho. "Jumatatu. Anakwenda kukaa na mwanawe, mbali. Amesema miezi yote hii amechoka kungoja, hataingia nyumba ya watu kwa mlango wa uani."

"Kwani nani amemkataa?"

"Hakuna." Baba aliweka kibano chini. "Ninyi wanangu nimewalea na adabu zenu. Mtoto mwenye adabu hamwambii baba yake hapana. Humsingizia ndugu yake."

Ilimchukua Mama Duara muda kuelewa, na alipoelewa alisimama. "Baba! Mimi niliposema wenzangu sijui, nilimaanisha sijui! Mimi mwenyewe nilisema sina neno, na sina."

"Najua, mama. Najua," baba alisema, kwa sauti ya mtu anayempoza mtoto.

Alirudi nyumbani akitembea mbio. Katika stoo ya mumewe mlikuwa na mabaki ya karatasi za kupamba kuta. Akatoa bunda moja, akalitandaza sebuleni upande mweupe juu, akapiga magoti. Alifanya alichojua kufanya. Watoto watatu, kila mmoja yu radhi au hayuko radhi: maduara manane. Lakini baba aliwaambiaje? Yeye aliambiwa uso kwa uso. Wenzake je? Labda kaka alipigiwa simu tu, labda kaka ndiye aliyeketishwa na kuombwa ushauri. Na jambo hilo, tuseme ukweli, lilikuwa likimwasha tangu mwanzo. Basi kwa kila mtoto, simu au uso kwa uso. Nane mara nane. Saa kumi na mbili jioni sakafu nzima ilikuwa imejaa maduara sitini na manne, na mistari kati yake imesongamana hata penseli ikatoboa karatasi.

Mumewe aliingia, akasimama kwa mguu mmoja asikanyage.

"Hii nini? Ramani ya mabomba ya maji taka?"

"Ni sisi. Kaka, mdogo wangu, mimi na baba."

"Mimi niko duara lipi?"

"Wewe haumo."

"Afadhali," alisema, akaenda kupika.

Kwa usiku wa kwanza tangu aanze masomo, Mama Duara aliyachukia maduara. Alitafuta neno ambalo angemwambia baba, au neno ambalo angemwomba baba amwambie kaka, na kila alipolifuatisha kwenye mistari lilizaa maduara mengine.

Ijumaa mchana alikwenda kuchukua saa yake ya mkononi iliyokuwa ikichelewa. Baba hakuwa tayari kuitoa. Alikuwa ameiweka juu ya kitambaa kando ya saa yake mwenyewe, ile aliyoiamini kuliko redio.

"Mbona zinalingana?" aliuliza.

"Zinalingana sasa hivi. Hata saa mbovu unaweza kuisogeza mshale ikalingana na nzuri." Alizigeuza zote mbili kifudifudi. "Mimi nazisumbua. Jana zimelala chali, leo kifudifudi, kesho nitazisimamisha wima. Zikitoka huko bado ziko pamoja, basi kwa mtu anayetaka kujua saa ngapi, hii na ile ni moja. Zikiachana, hazikuwa sawa hata pale zilipoonekana sawa."

"Na huu mkwaruzo kwenye kioo changu? Hiyo si tofauti?"

"Ni tofauti kwa muuza vioo," baba alisema.

Mama Duara aliinamia ule mkwaruzo. Mwandiko mwekundu wa profesa ulimjia mara kumi na moja kwa mpigo. Nani anatofautisha? Simu au uso kwa uso: chukua duara la simu, chukua duara la uso kwa uso, yasumbue yote mawili kwa habari yoyote unayoitaka, chali, kifudifudi, wima. Kaka awe radhi au asiwe radhi, duara la simu na la uso kwa uso hutoa jibu lile lile. Ule ulikuwa mkwaruzo wa kioo. Alikuwa amechora wivu wake wa utotoni mara hamsini na sita zaidi ya inavyohitajika.

"Baba, saa nitaichukua Jumapili!" alisema, tayari yuko mlangoni.

Hakusubiri kufika nyumbani. Alisimama penye ukuta wa shule, akatoa mkobani karatasi aliyoandikia vitu vya kununua, akaigeuza. Maduara manane yakaenea upande wa nyuma na nafasi ikabaki. Na yalipokuwa manane tu, aliweza kuona alichoshindwa kukiona sebuleni kwake. Aliweka kidole mahali pake: najua langu, sijui ya hawa wawili. Akakisogeza mahali pa kaka: najua langu, sijui ya hawa wawili. Mahali pa mdogo wake, vivyo hivyo. Basi kama kaka anasimama pale pale ninaposimama, kwa nini kimya chake nimekiita hapana, na changu nimekiita kiapo?

Aliwaza tena. Minong'ono mitatu ilikwishapita na haikufuta hata duara moja, kwa kuwa baba hakuamini kilichonong'onwa. Mnong'ono wa nne haungekuwa na nguvu zaidi. Kilichotakiwa ni jambo moja litakaloonekana na wote wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwaona wenzake wanaliona. Na kusema walikatazwa. Waliapa kutozungumza.

Hawakuapa kutobeba kiti.

Aliangua kicheko pale ukutani peke yake, na wanafunzi waliokuwa wakipita wakamwamkia kwa uangalifu mkubwa.

Jumapili alichagua kiti cha jikoni cha rangi ya samawati, kilichopakwa na mumewe kwa mikono mitatu ya rangi hata hakikuwa na alama ya brashi. Alikuwa na hofu. Huenda kaka angekitazama kiti kile akakunja uso kweli, na hapo baba angekuwa amepata jibu lake mezani, mbele ya chakula. Lakini Jumatatu ilikuwa kesho. Akakitia begani.

"Mwalimu, unahama?" jirani alimpigia kelele.

"Natembeza kiti, kimechoka kukaa!"

"Na mume je?"

"Huyo bado hajachoka!"

Alipofika baba alikuwa uani akinawa mikono, maana grisi ya saa haitoki kwa haraka. Mama Duara aliingia chumba cha kulia peke yake. Aliitazama meza. Kisha akaishika kwa mikono miwili na kuivuta kutoka ukutani, na miguu yake ikalia sakafuni kama kiumbe kilichoamshwa. Vumbi la miaka sita lilikuwa limechora mstari ulionyooka. Akalipangusa kwa ncha ya kanga yake, akaweka kiti cha samawati upande ule, akasimama nyuma yake kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Nje, barabarani, kukasikika mkwaruzo wa magurudumu, na watu wakicheka. Mlango ukafunguliwa kwa teke, akaingia mdogo wake akisukuma kiti cha saluni, kile cha kuzunguka, chenye madoa ya dawa ya nywele kwenye egemeo. Alikuwa akitokwa na jasho.

"Usiulize, dada," alianza kusema, "kiti hiki ni kwa ajili ya..." Akaona cha samawati. Akaona meza iko katikati ya chumba. Mdomo ukabaki wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakikutoka kitu.

Walikuwa wameapa. Walitazamana tu, na macho ya wote wawili yakaanza kulegea kwa kicheko.

"Na kaka?" mdogo mtu alinong'ona hatimaye. Hilo halikuwa katika kiapo, au kama lilikuwamo, basi.

Kaka alikuwa mlangoni. Amevaa shati la kazini, kalamu zake tatu mfukoni, na chini ya kwapa amebana kiti cheupe cha plastiki kilichoandikwa kwa wino mzito nyuma yake: KITI CHA WAGONJWA, USIONDOE. Aliwatazama dada zake. Alikitazama cha samawati, akakitazama cha kuzunguka. Akakiweka chake chini taratibu, akakinyoosha, kama anavyonyoosha chupa kwenye rafu.

"Nilidhani nitakuwa peke yangu," alisema.

Baba aliingia akijifuta mikono kwa taulo. Kioo cha kukuzia kilikuwa kimepandishwa kwenye paji la uso, kama jicho la tatu. Alisimama. Alitazama meza iliyotoka ukutani. Alianza kuhesabu kwa kidole.

"Viti saba," alisema. "Tunategemea wageni watatu?"

Watoto wake watatu, watu wazima wenye mvi zao, walisimama nyuma ya viti vyao kama siku ya kwanza shuleni. Hakuna aliyekunja uso. Baba alimtazama wa kwanza, akamwona anawatazama wenzake. Akamtazama wa pili, akamwona vivyo hivyo. Na Mama Duara, aliyekuwa akifuatilia macho ya wote, aliyaona maduara saba yakifutika hewani, moja baada ya jingine.

"Mgeni mmoja, baba," msusi alisema.

"Mmoja," mfamasia alisema.

"Mbona basi viti vitatu?"

"Si ulitukataza kuzungumza?" Mama Duara alisema. "Ungetuachia tukaongea, ungeletewa kimoja!"

Baba aliketi kwenye kiti cha wagonjwa. Alifunika uso kwa taulo, na mabega yakamtikisika, na kwa kitambo hawakujua ni kilio au kicheko, mpaka mbinja mbovu kuliko zote ikatoka chini ya taulo.

"Kila mmoja wenu," alisema, "kila mmoja aliniambia yeye hana neno, wenzake ndio hajui. Mara tatu! Nami nikasema, hii ni hapana ya watu waliolelewa vizuri."

"Kumbe sote tulisema hivyo?" kaka aliuliza. Aliwageukia dada zake. "Kwa nini mlifikiri mimi nitakataa?"

"Kaka, wewe ukifurahi huonekani," mdogo wao alisema. "Mara ya mwisho ulipofurahi tuliambiwa na mke wako."

"Nenda, baba," Mama Duara alisema. "Chakula kitapoa."

Mzee aliondoka na kioo chake kwenye paji la uso na taulo begani. Kupitia dirisha la karakana wote watatu walimwona akipita duka la kwanza, duka la pili, akasimama penye la tatu, akagonga, kisha mlango ukamfunika. Walingoja. Mdogo mtu alitafuna kucha. Kaka alihesabu kitu kwa midomo, labda vidonge visivyokuwapo. Mama Duara hakuchora chochote mahali popote.

Kicheko cha Bi Pindo kiliwafikia kabla yake. Kilijaza barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akatokea mwenyewe, amevaa gauni lenye mapindo mawili kila upande, mzee kando yake, na mkononi amebeba kigoda chake cha cherehani.

"Shikamoo, Bi Pindo," walisema wote kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu." Aliinua kigoda. "Mzee huyu ameniambia miezi minne mfululizo, meza yetu ina viti vinne, meza yetu ina viti vinne. Nikasema leo nisije nikamsimamisha mtu." Akaingia chumba cha kulia, akaona. "Haa! Kwani hapa ni ukumbi wa harusi?"

Hapo ndipo walipocheka mpaka kaka mfamasia, ambaye akifurahi haonekani, akalazimika kuvua miwani. Kumbe maneno yale yale ya viti vinne baba aliwaambia wote, watoto na Bi Pindo, kila mtu faraghani, na kila mtu akaenda nayo nyumbani akayatafutia dawa peke yake.

Bi Pindo alivijaribu vyote. Cha plastiki alisema kinamkumbusha sindano. Katika cha saluni alijizungusha raundi nzima, akawatazama wote mmoja mmoja wakimpita, akasema angekaa hapo mpaka kufa kama kijiko kingemfuata. Cha samawati kilimfikisha mezani sawasawa, viwiko vikatua penyewe. Basi vingine wakavisogeza ukumbini, na kigoda juu yake, wakabaki watano kwa viti vitano.

"Mafurushi yangu yamefungwa kwa kamba za nailoni," alisema akijipakulia. "Kesho nawataka wote mje kufungua. Na wewe," alimgeukia Mama Duara, akalishika gauni lake kiunoni, "hili pindo nani alikushonea? Hapana. Ukimaliza kula, livue."

Alasiri Mama Duara alirudi nyumbani akitembea polepole, saa yake mkononi, bega tupu, amevaa gauni la kuazima. Njiani alipita penye ukuta wa shule. Alitoa ile karatasi mkobani, akatazama maduara manane, akayafuta saba kwa kidole kilicholowa mate. Upande wa pili ulikuwa bado umeandikwa chumvi, sabuni, kiberiti. Vitu hivyo alikuwa hajanunua. Akaingia dukani akavinunua.

Mumewe alikuwa jikoni, amesimama, akila akiwa ameegemea sinki.

"Kiti changu kiko wapi?" aliuliza.

"Kimekaliwa," alisema Mama Duara.